Kwa somo yangu, kuhusu ile fomu ya mama

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu umfikishie mama. Ujumbe wako niliusoma Ijumaa nikiwa zamu. Nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu ya dakika mbili, ndiyo maana nimengoja watoto walale nikae niandike.

Umesema kliniki wamempa mama fomu ya utafiti, kwamba kuna dawa mbili za presha wanataka kujua ipi inawafaa zaidi watu wenye presha na sukari kwa pamoja, na kwamba mama hawezi kuchagua apewe ipi. Kaka amekataa katakata, "mama yetu si mtu wa kujaribiwa", na shangazi naye ameshaingiza habari za mumiani. Sitawacheka. Kuna jambo sijawahi kukusimulia, ingawa tumekaa dawati moja tangu darasa la tatu. Naomba ulisikie kwanza, habari za fomu zifuate.

Mwaka 2008 nilikuwa wodi ya watoto, kule nilikoanzia kazi. Masika yalikuwa yamekolea na malaria imepamba moto, vitanda vyote wamelala wawiliwawili. Usiku mmoja akaletwa binti wa miaka mitatu hivi, homa siku ya nne, anahema mbiombio, ukimwita haitiki. Nikamshika mkono: baridi kama ametoka kuushika mtungi, ilhali tumbo linaunguza. Nikambonyeza ukucha. Mtoto mzima ukimbonyeza ukucha ukauachia, rangi inarudi hata hujahesabu sekunde mbili. Wake nilihesabu nne. Wodini tunasema ameingia kwenye shoki, damu haifiki tena vizuri kwenye viungo.

Tulichofundishwa kilikuwa wazi: mpe maji ya mshipa, haraka. Alikuwa na kilo 12, na kila kilo ni mililita 20, kwa hiyo mililita 240. Dripu ikawa inasuasua, nikaushika ule mfuko nikaufinya kwa mikono yangu miwili, mama yake amenimulikia kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Baada ya muda mkono ukaanza kupata joto. Ukucha ukarudi kuwa mwekundu. Yule mama akaniambia, "Mungu akuweke, nesi." Nikaenda kunywa chai nikiwa na furaha ambayo mpaka leo naikumbuka. Kabla ya adhana ya alfajiri mtoto alikuwa ameshafariki.

Sisemi ni maji yaliyomwua. Kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kusema hivyo, malaria ile yenyewe ilikuwa nzito. Na hapo ndipo penye shida yote, somo. Muuguzi na daktari wanaona mgonjwa mmojammoja. Akipona tunasema dawa imefanya kazi, akifa tunasema alichelewa kuletwa.

Mwaka uliofuata, 2009, ukaanza utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Kilifi. Hospitali zilikuwa sita: nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, moja ya Kilifi Kenya, na ya sita ni Teule, hapahapa Muheza unapopita ukielekea Segera. Waliwachukua watoto wenye homa kali na dalili zilezile za yule binti wangu. Inafunguliwa bahasha iliyofungwa, na bahasha ndiyo inayoamua: huyu apewe maji ya chumvi kwa haraka, huyu apewe albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, na huyu asipewe maji ya haraka kabisa, apate tu dripu yake ya taratibu pamoja na dawa na matibabu mengine wanayopata wenzake.

Tulinung'unika sana sisi manesi tuliposikia. Tuliona wale wa kundi la tatu wameonewa, wananyimwa kitu ambacho kila kitabu kinasema wapewe. Mimi mwenyewe nilisema mwanangu nisingekubali aingie. Ni maneno yaleyale ya kaka, nami nilikuwa na cheti ukutani.

Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya kufika idadi iliyopangwa. Kamati huru iliyokuwa ikizitazama takwimu iliona haiwezekani kuendelea. Walikuwa wamefika watoto 3,141. Ndani ya saa 48, kati ya watoto 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka walikufa 76. Kati ya 1,050 waliopewa albumini walikufa 111, na kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi walikufa 110. Wale tuliosema wameonewa ndio waliopona zaidi.

Nilipata habari zile kwenye mafunzo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikiitazama mikono yangu.

Baadaye wakachambua walivyokufa, na hilo ndilo lililonigusa kuliko hesabu. Saa moja ya kwanza waliopewa maji walionekana nafuu kweli: shoki iliondoka kwa watoto 43 katika kila 100, na kwa wasiopewa ni 32 tu. Yaani ule mkono uliopata joto usiku ule sikuuota, niliuona. Lakini haikuwa kupona. Wengi wa waliozidi kufa, moyo na mzunguko wa damu ndivyo vilivyoshindwa baadaye, wakati tumeshawapa mgongo tukihudumia wengine. Jicho la nesi aliyekesha, hata liwe la upendo namna gani, lisingeweza kuliona hilo. Walihitajika watoto elfu tatu na bahasha isiyompendelea mtu.

(Tafadhali usije ukamwambia jirani kwamba maji ya mshipa ni sumu. Mtoto wa kuharisha aliyekauka anayahitaji, na watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule. Nakujua ulivyo mwepesi wa kusaidia watu.)

Yako mengine ya namna hii. Unakumbuka dripu za kwinini, masikio yanavuma siku nzima? Muheza hiyohiyo ilikuwamo katika utafiti mwingine uliolinganisha kwinini na sindano ya atesuneti kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika. Matokeo yalitoka 2010: kwa kila 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11, kwa atesuneti 8 na nusu. Leo mtoto akija na malaria kali tunashika atesuneti bila kujiuliza, na kuna watoto wanacheza rede mtaani hapa kwa sababu wazazi wa wengine walitia saini.

Sasa tuje kwa mama. Kaka anaogopa mama atapangiwa dawa isiyofaa. Mwambie hakuna anayejua ipi ndiyo isiyofaa. Ingejulikana, kuulizana huku kusingeruhusiwa. Utafiti wa namna hii hauanzi bila kibali cha maadili, na hapa kwetu kinatoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Tena mama ana bahati ambayo wazazi wa watoto wale hawakuwa nayo. Mtoto akiwa anakata roho huwezi kumketisha mama yake umsomee kurasa nane. Kule FEAST, hali ikiwa mbaya walichukua kauli ya mzazi kwanza, saini ikafuata mtoto akishahudumiwa. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, lakini bado nikimfikiria yule mama na tochi yake naliona jambo zito. Mama yetu ana muda. Fomu imelala kabatini, aisome, asomewe, aulize, aape kwamba hataki kama hataki. Hata akishaanza anaweza kutoka siku yoyote, na kliniki lazima iendelee kumhudumia kama kawaida. Hilo litakuwa limeandikwa ndani. Lisipokuwepo, msitie saini.

Mkienda, waulize kwa upole lakini msiondoke bila jibu: akipata madhara nani anagharamia, damu watakayomtoa ni kiasi gani na itakaa wapi, na utafiti ukiisha dawa ikionekana nzuri ataendelea kuipata au ataambiwa asante mama, kwaheri. Na waulize ni lini watarudi kuwaambia walichokipata. Hili nalisisitiza kwa uchungu. Kuna watu walikuja tulikokuwa zamani, wakatoa damu kwa akina mama zaidi ya mwaka mzima, wakafunga mabegi, na mpaka leo hakuna aliyerudi kusema hata neno. Shangazi akisema mumiani, hapo ndipo neno hilo linapopata chakula chake. Mtafiti mzuri anarudi.

Ile foleni inayomchosha mama, Jumatatu presha na Alhamisi sukari, nayo imefanyiwa utafiti. Tanzania na Uganda walichukua vituo 32, vingine vikaunganisha kliniki za sukari, presha na virusi vya UKIMWI mahali pamoja, vingine vikabaki kama zamani. Matokeo yalitoka 2023. Waliokuwa na hofu kwamba wenye virusi wataharibikiwa wakichanganywa na wengine walitulia, kwa sababu wenye virusi vilivyodhibitiwa walikuwa karibu 97 kwa kila 100 pande zote mbili. Huko kwenu bado hawajaunganisha, najua, lakini mkumbushe mganga mfawidhi. Wagonjwa wenyewe wakisema, hoja inapata miguu.

Mimi ningekuwa mwanawe wa kuzaliwa ningempeleka akaulize, kisha ningemwachia aamue. Anaumwa presha, akili yake ni timamu kuliko yangu na yako. Nipigie picha kurasa zote za fomu, hasa ile yenye jina la dawa na kiasi chake, unitumie kesho. Jumanne nina usiku, kwa hiyo nipigie baada ya isha kabla sijaingia wodini, na uweke sauti ya nje kaka naye asikie. Asiposhawishika si neno, mradi amsikilize mama.

Mbaazi ulizotuma zilifika salama, tumezila na maandazi mpaka mtoto wa jirani akahamia kwangu.

Somo wako