Hadithi tatu zisipewe hukumu moja

Mhariri,

Naomba nafasi niitetee Eros, filamu ya mwaka 2004 ambayo wengi huitupa kapuni kwa kosa la sehemu moja. Ni hadithi tatu za matamanio na mapenzi yenye nyufa, kila moja na mwongozaji wake: Wong Kar-wai, Steven Soderbergh na Michelangelo Antonioni.

Ya Antonioni ilinichosha, sifichi. Lakini ile ya Wong! Fundi cherehani kijana, katika Hong Kong ya miaka ya 1960, anamshonea nguo mwanamke anayetunzwa na wanaume wenye fedha. Anampenda miaka nenda miaka rudi, kimya. Ikafika siku anampima kiuno kwa viganja, bila futi, na viganja vile vinasema yote ambayo mdomo ulishindwa. Mwanamke anafilisika, anaugua, wateja wanamkimbia; fundi bado yupo. Nimetazama filamu nyingi za mapenzi, na hamu sijaiona ikionyeshwa kwa heshima namna ile.

Wahakiki wapime kila hadithi peke yake. Wanapojumlisha alama zote tatu na kugawanya, wanamdhulumu fundi yule.

Msomaji wenu