Mama wa mikate analala masaa mangapi?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya hapa Katuba, Lubumbashi. Naandika juu ya jambo ambalo sijalisikia redioni wala kwenye mikutano ya mtaa: watu wetu hawalali.

Karibu kila siku huingia kwangu mama mwenye malalamiko yaleyale. Kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, nguvu hana, watoto anawakaripia bila kosa. Anaomba sindano ya nguvu. Zamani nilikuwa napima presha, napima malaria, natoa dawa ya kichwa, anakwenda. Siku hizi nimeongeza swali moja: “Mama, ulilala saa ngapi, na uliamka saa ngapi?” Wengi hucheka kwanza, kama nimewauliza mambo ya matajiri. Kisha wanaanza kuhesabu kwa vidole, na kicheko kinaisha.

Mmoja wao anauza mikate. Kwao maji ya bomba hutoka saa nane za usiku, siku yakitoka. Lazima awe na bidoni zake kwenye mstari tangu saa saba. Akirudi nyumbani saa tisa, anawasha mbabula, yaani jiko la makaa, na kukanda unga, kwa sababu wanaokwenda kazini hununua mikate kuanzia saa kumi na moja. Na jioni hakuweza kulala kabla ya saa nne na nusu, maana nganda (baa) ya jirani ilikuwa bado inapiga muziki. Yaani masaa mawili na nusu. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kati ya masaa 9 na 12, na watoto wa mama huyu wanaamka naye kushika mstari. Presha yake siku ile ilikuwa juu: 17 kwa 10, yaani 170 kwa 100.

Siwezi kusema presha hiyo imeletwa na usingizi peke yake. Ila najua kwamba mtu akilala, presha hushuka, moyo unapumua kidogo. Anayelala vipande vipande mwaka mzima anaunyima moyo wake pumziko hilo, na utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba watu wa namna hiyo hupata zaidi presha, kisukari na huzuni. Hata hivyo mtaani kwetu anayelala mapema huitwa mvivu. Nimewasikia wazazi wakimsifu kijana kwa kuwa “halali kabisa”.

Vitabu vya afya vinasema: lala katika chumba chenye giza, kimya, na hewa ya baridi kidogo. Niliwahi kumpa baba mmoja ushauri huo. Akanijibu kwa heshima: “Dada, sisi tuko saba katika chumba kimoja, na ukuta tunachangia na kanisa.” Niliona haya. Tangu siku hiyo sitoi tena shauri ambalo mtu hawezi kulitimiza kesho asubuhi.

Lililosaidia kuliko yote kwenye avenyu yetu halikutoka kitabuni. Nyumba tatu zilikubaliana juu ya maji: usiku huu nyumba ya kwanza inajaza bidoni za wote, kesho ya pili, kesho kutwa ya tatu. Kila familia inaamka usiku mmoja na kulala usiku miwili. Ilichukua majuma kadhaa watu kuaminiana, na ugomvi wa bidoni iliyopotea ulikuwepo. Lakini sasa zamu zinakwenda zenyewe, na mama wa mikate amejiunga.

Kwa yule ambaye bado lazima aamke, ni heri alale mapema, saa mbili, apate kipande cha kwanza, kisha arudie cha pili baada ya maji. Akisubiri mstarini, simu ikae mfukoni. Mwanga wake unaudanganya ubongo kwamba kumekucha, na ujumbe wa WhatsApp wa saa nane za usiku mara nyingi ni wa msiba au wa deni. Mchana ajilaze dakika 20 au 30, kabla ya saa tisa alasiri, hata chini ya meza ya sokoni.

Kahawa na chai kali ziishie adhuhuri. Baada ya masaa kama 5, nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini. Juu ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, nitasema wazi, kwa sababu wababa wengi huniambia ndiyo dawa yao ya usingizi. Inaangusha haraka, ni kweli, lakini usiku ukigeuka, usingizi unakatika, mtu anatoka jasho, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kuna pia wanaonunua diazepamu kwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya daktari. Dawa ile mwili huizoea, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari. Kuichanganya na pombe kunaweza kusimamisha pumzi.

Na tafadhali, mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, msilale na mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Nimewaona walioletwa asubuhi, jirani akisema “walilala vizuri sana”.

Sasa nije kwenye yoga, ambayo ndiyo imenifanya nipigiwe maneno. Nilifundishwa na daktari kijana aliyerudi kutoka masomoni India, wakati mimi mwenyewe zamu za usiku zilikuwa zimeniharibu. Nilikuwa nafika nyumbani saa mbili asubuhi nikiangalia mabati hadi saa sita. Baadhi ya dada kanisani waliniuliza kama nimeingia dini nyingine. Ni kweli kwamba yoga ilizaliwa India, ndani ya imani za watu wa huko. Mimi nilichochukua ni kunyoosha mwili na kupumua taratibu. Sala yangu nasali kwa Mungu wangu, kabla ya kufunga macho, kama siku zote.

Haihitaji pesa. Unatandika kikwembe (kitenge) sakafuni karibu na ukuta. Unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mbele mpaka paji la uso liguse chini, mikono imenyooka, unakaa hivyo pumzi kumi. Kisha unalala chali, unapandisha miguu ukutani, unaiacha hapo dakika tano. Aliyesimama sokoni tangu alfajiri atajua mwenyewe raha yake. Wakati wote huo unavuta hewa kwa puani ukihesabu hadi nne, unaitoa polepole ukihesabu hadi sita au saba. Kutoa pumzi ndefu kunapunguza mbio za moyo. Watu wengine wanalala kabla hawajashusha miguu.

Mjamzito asilale chali kwa muda mrefu mimba ikiwa kubwa. Alale ubavu wa kushoto na kufanya pumzi tu. Mwenye presha ya juu sana au ugonjwa wa macho aulize kwanza, na dawa zake asiache. Asiyepata usingizi kwa zaidi ya miezi mitatu, au anayekoroma na kukatika pumzi, au anayeamshwa na kumbukumbu za vita, aje kituoni. Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, kina mama kumi na wawili hivi tunatandika vikwembe nyuma ya kituo. Wameanza kuleta waume zao.

Lakini miguu ukutani haizimi spika. Sheria ya nchi inakataza makelele ya usiku, na wakuu wa komini zetu, yaani sehemu za mji, wanaijua. Nawaomba, wa Katuba, wa Kenya (komini yetu ya hapa, si nchi), wa Kamalondo, wa Ruashi, waitumie kwa nganda na kwa makanisa sawasawa, kuanzia saa nne za usiku. Mimi nami ni mtu wa mikesha. Mungu anasikia hata tukiimba bila spika nne zilizoelekezwa barabarani.

Na wanaotuletea maji wanaweza kufanya jambo moja ambalo halihitaji bomba jipya: watuambie mapema ni usiku gani na saa ngapi maji yatafika kila mtaa. Leo watu wanakesha siku tano wakisubiri maji ya siku mbili. Ukiweza kuipata ratiba hiyo, Ndugu Mhariri, uichapishe hapa kila Jumatatu. Nitaibandika kwenye mlango wa kituo.

Muuguzi, Katuba, Lubumbashi