Kwa Mama Idrisa: mwache aende Chogo

Bronx, New York

Mama Idrisa, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Wazima nyote? Bi Mkubwa mguu umepoa? Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa. Tatu anakusalimia.

Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia, nikairudia. Kumbe Idrisa kachaguliwa Zimamoto, anatakiwa chuoni kwao Chogo, na wewe unataka nimpigie nimkataze! Shoga, hilo siliwezi. Najua kinachokutisha. Hata mimi lile ghorofa la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024 nililia, kusikia watu wanapiga simu kutoka chini ya kifusi. Lakini nani aliyewafuata kule chini? Si watoto wa watu kama yeye?

Zimamoto ya huku ina vikosi vitano vya uokoaji, mbali na vile vya kuzima moto. Cha kwanza kilianza 1915, baada ya moto kuzuka kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi na moshi kuwakaba abiria. Wakateuliwa watu kumi tu, wakapewa kofia za kupumulia zilizotoka Ujerumani, waingie pasipoingilika.

Mpaka leo hawachukui mgeni wa kazi. Mtu azime moto miaka kwanza. Na si kazi ya ubavu, usidhani. Jengo likilala wanawatoa walio juu juu, kisha wanatafuta mianya. Mitambo inazimwa, watu wote kimya, wanasikiliza kama kuna anayegonga. Wakiingia wanatambaa huku wanasimika mbao, zege lisiwashukie. Halafu hili ndilo lililonishangaza: mtu aliyebanwa mguu saa nyingi hanyanyuliwi hivi hivi. Sumu iliyojikusanya kwenye msuli ikirudi ghafla mwilini inaweza kuusimamisha moyo. Anatundikiwa dripu kwanza, akiwa bado amelaliwa na zege! Sasa mtu ambaye hakufundishwa, mwenye huruma tu na sururu, si atamuua anayemwokoa?

Sikufichi. Septemba 11, 2001 walikufa watu 343 wa Zimamoto ya hapa, na kikosi kile cha kwanza peke yake kilipoteza 11. Kwa hiyo siwezi kukwambia hakuna hatari, shoga. Ipo. Ila akishakwenda, asitosheke na kushika mpira wa maji. Aombe afundishwe uokoaji wa majengo yaliyoporomoka, aombe tena wakimnyima. Maghorofa yanavyoota Kariakoo, na Mama Zuhura yuko chini yake kutwa nzima… basi tu.

Baba yake anasemaje? Anaripoti lini? Yeye mwenyewe kalitaka hili au ni shida ya ajira? Mama Zuhura kafungua duka? Idrisa anavaa viatu namba ngapi? Salum anasafiri mwisho wa mwezi, nijibu upesi nimpe mzigo.

Wako,
Mwanaidi