Kebo za nyuzi za kioo zina upande wake

Mhariri,

Kumbi nyingi za mikutano na makanisa hapa Kampala sasa hufunga skrini kubwa za 4K, huku kompyuta ikiwekwa nyuma kabisa, mita 20 au zaidi. Kwa umbali huo kebo ya kawaida ya shaba hushindwa, kwa kuwa picha ya 4K, yaani ya pikseli (nukta za picha) 3,840 kwa 2,160, inayobadilika mara 60 kwa sekunde huhitaji kebo inayoweza kupitisha data ya gigabiti 18 kwa sekunde, na mawimbi ya umeme hufifia njiani. Skrini ikaanza kuzimika na kuwaka, na lawama, kama kawaida, zikaangukia kompyuta.

Kebo ya HDMI (ile inayopeleka picha na sauti kutoka kompyuta hadi skrini) yenye nyuzi za kioo inamaliza tatizo hilo, lakini wauzaji wetu hawasemi kwamba ina upande wake. Kichwa kimoja kina kifaa kinachogeuza umeme kuwa mwanga, na cha pili hurudisha mwanga kuwa umeme. Kilichoandikwa SOURCE huchomekwa kwenye kompyuta, kilichoandikwa DISPLAY kwenye skrini. Ukigeuza, hupati picha. Nimeshuhudia mafundi wakiipitisha kinyume ndani ya bomba la ukutani, wakaziba kwa saruji kabla ya kuijaribu.

Naomba wauzaji wamweleze mnunuzi jambo hili mapema, na mafundi waijaribu kebo ikiwa bado sakafuni, tena bila kuikunja kwa pembe kali, maana kioo kikivunjika ndani hakiungwi kwa koleo na utepe.

Msomaji wenu,
Ntinda, Kampala