Hii bado ni Lenormand au jina tu? Jinsi tunavyozipanga seti za karata dukani kwetu

Meseji tunazopata sana siku hizi ziko hivi: mtu anatuma picha ya seti aliyoiona mtandaoni, nzuri kweli, rangi zimekolea, kwenye boksi imeandikwa Lenormand, yaani zile karata 36 za kubashiri zenye picha na namba, alafu anauliza jamani hii ni Lenormand ya kweli? Na wengi wanauliza wakiwa wameshalipa, ndo maana tumeona tuliandike hili jambo vizuri ili mtu alisome kabla hajatoa hela yake. Duka letu ni dogo, tuko Ujerumani, tunauza karata za kubashiri, na wateja wetu wengi ni Waswahili wa huku Ulaya pamoja na wale wanaotuagizia kutoka Nairobi, Mombasa na Dar.

Kwanza niseme wazi, sisi sio watu wa kulinda mapokeo kama kaburi la babu. Hizi karata zenyewe zilianza kama mchezo. Mwaka 1799 hivi, kule Nuremberg, Johann Kaspar Hechtel alitengeneza karata 36 zinazoitwa Mchezo wa Matumaini, unazipanga sita kwa sita mezani, unarusha dadu, unasogea. Ukitua kwenye Meli, namba 3, inakubeba mpaka kwa Ndege, namba 12. Ukikwama kwenye Mlima una kazi ya kutoka. Anayefika kwenye Nanga, namba 35, ndo mshindi anachukua hela zote. Marie Anne Lenormand, yule mbashiri maarufu wa Paris, alifariki 1843, na jina lake likabandikwa kwenye hizi karata baada ya kifo chake, kwa sababu jina lilikuwa linauza. Kwa hiyo mtu akikwambia seti fulani sio halali eti haifanani na ya Mademoiselle mwenyewe, we mwache tu aendelee.

Sasa kama hata jina limekuja baadaye, kinachofanya Lenormand iwe Lenormand ni nini? Kwa maoni yetu ni namna inavyosomwa. Karata moja peke yake haisemi mengi, inasema ikiwa na jirani yake. Mpanda Farasi, Barua, Pete, ukizipata kwa mstari huo unasoma habari inakuja, iko kwa maandishi, inahusu mkataba au ndoa, basi. Hukai kuitafakari picha dakika kumi ukijiuliza huyu farasi anahisi nini, hiyo ni njia nyingine ya kusoma, ina watu wake na ina karata zake. Na ukitandaza zote 36 kwa pamoja ndo kabisa, jicho linatakiwa liruke kutoka karata hii kwenda ile bila kukwama. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa seti yoyote ni hili: ukiitazama karata kwa sekunde moja kutoka mbali kidogo, unajua ni kitu gani? Kama jibu ni ndiyo, msanii achore anavyotaka, awe wa katuni, wa kolaji, wa rangi nyeusi na nyeupe, sisi hatuna neno.

Hapo kwenye kubadilisha kitu chenyewe ndo pana mambo. Tumeulizwa mara nyingi kuhusu seti zenye wanyama wa Afrika, kwamba dubu kwetu hayupo, je, akiwekwa simba badala yake? Mimi nasema sawa, alimradi namba 15 imebaki. Dubu wa Lenormand ni mwenye nguvu, bosi, mama mkali, anaweza kukulinda na anaweza kukurarua, na simba yote hayo anayo, na bahati nzuri hakuna simba mwingine kwenye zile 36 wa kugongana naye. Twiga je? Hapana, twiga ni mrefu tu. Korongo hana haja ya kubadilishwa maana korongo weupe wa huku Ulaya baridi ikianza wanakuja wenyewe mpaka Afrika Mashariki. Lakini Mbweha kuwa Sungura, hapo nakataa, ingawa wazo linavutia na najua linatoka wapi. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja, sawa, ila sisi sote tumekua tukimshangilia, akimdanganya fisi tunacheka. Mbweha namba 14 hashangiliwi, ukimwona karibu na karata yako unashika mfuko wako. Ukiweka sungura pale, msomaji Mswahili atatabasamu mahali alipotakiwa kushtuka, na bao zima linapinda.

Kinyume chake kipo pia. Karata namba 12, Ndege, kuna seti zimechorwa bundi, na hiyo ni desturi kabisa huku Ujerumani, sio uzushi wa juzi. Maana yake ni maongezi, umbea, simu zisizoisha, wasiwasi kidogo. Sasa muoneshe mtu wa pwani bundi wawili wamekaa juu ya tawi umwambie ni maongezi! Tayari moyo umeshaenda kwenye msiba. Yaani hapa kuna seti inayofuata mapokeo vizuri lakini kwako wewe haitafanya kazi, na mteja akitaka seti ya aina hiyo huwa tunamwambia kabla hatujafunga mzigo.

Kitu cha pili tunachokagua ni upande. Hiki wachoraji wengi wanakisahau na ndicho kinachotuletea malalamiko. Mawingu, namba 6, kwa usomaji wa zamani yana upande mweusi na upande mweupe, weusi ukielekea kwako ni shida, weupe ukielekea kwako mambo yanafunguka. Mteja wetu mmoja alinunua kwingine seti yenye mawingu ya waridi yaliyojaa karata nzima sawasawa, ya kupendeza ungeweza kuyaning'iniza ukutani, lakini ametandaza hajui shida iko kushoto au kulia. Mundu, namba 10, ni vilevile, makali yanaelekea wapi ndiko kunakokatwa. Ukimchorea panga badala ya mundu bado inasomeka maana panga lina ncha na lina makali, ila ukichora mundu miwili imepishana katikati kama nembo, umeua karata. Na Mwanamume na Mwanamke, 28 na 29, wanatakiwa watazame upande, kwa sababu wasomaji wengi wanahesabu kilicho mbele ya macho yao ni kinachokuja na kilicho nyuma ya mgongo ni kilichopita, sasa mtu anayekutazama wewe usoni kama picha ya pasipoti utasomaje? Inabidi ukubaliane na nafsi yako kabisa kwamba kushoto ni jana na kulia ni kesho.

Namba zisiondolewe. Kuna usomaji ambapo kila nafasi mezani ni ya karata fulani kwa namba, nafasi ya nne ni ya karata ya Nyumba, ya 24 ni ya Moyo, bila namba unabaki unahesabu kwa vidole. Vile vijikarata vya kawaida vilivyochorwa pembeni, za kopa, uru, shupaza na pau, hivyo vikitolewa haifi, ila ujue umepoteza kitu. Angalia pau peke yake: 6 ni Msalaba, 7 Panya, 8 Mlima, 9 Mbweha, 10 Dubu, jeki Mjeledi, malkia Nyoka, mfalme Mawingu. Shida nyingi za mezani zimekaa kwenye pau! Ni Pete tu, ile ree ya pau, ndo imebaki ya amani. Ukimwaga karata ukaona pau zimezunguka mtu, hujasoma hata picha moja na tayari umeshapata harufu.

Saizi nayo watu wanaipuuza. Karata za saizi ya taroti (karata nyingine za kubashiri, kubwa zaidi), sentimita 7 kwa 12, ukizipanga tisa kwa safu nne unahitaji sentimita 63 kwa 48 bila nafasi yoyote katikati, wakati zile ndogo za kawaida zinatosha kama 51 kwa 36. Kama unasomea kwenye meza ya kahawa, chukua ndogo.

Karata za nyongeza hazitusumbui. Zipo seti zenye Mwanamume wa pili na Mwanamke wa pili, zipo zenye karata 40, zipo za 44. Tunachoangalia ni kama zile 36 za mwanzo zimebaki kamili, ili ukitaka unaziweka pembeni za ziada na unasoma kama kawaida. Msanii akiziunganisha mbili kuwa moja, au akitoa Jeneza kwa sababu linatisha, hapo hatuiiti tena Lenormand. Jeneza linatisha kweli, lakini kitu kinachokwisha lazima kiwe na karata yake.

Halafu msichanganywe na boksi. Kuna seti ya Kifaransa ya karata 54 iliyotoka Paris 1845, nayo imebeba jina la Lenormand, ina nyota na hadithi za miungu ya Wagiriki, ni mfumo mwingine kabisa. Na Kipper, karata nyingine za kubashiri za Kijerumani, ni 36 pia lakini zimejaa watu na matukio, usije ukazisomea kitabu cha Lenormand ukadhani karata ni mbovu.

Kwa hiyo kuanzia sasa kila seti dukani itakuwa na lebo moja kati ya tatu. Lenormand, ni zile 36 zenye namba na pande zake. Lenormand ya nyongeza, ni zile 36 na za ziada. Na Orakoli, ni seti iliyobadilisha vitu vyenyewe mpaka maana imepotea, hata kama mchapishaji ameandika Lenormand kwa herufi za dhahabu. Orakoli sio tusi, tunaziuza na tunazipenda, baadhi ndo nzuri kuliko zote tulizonazo, ila mtu ajue ananunua nini. Ukiwa na seti uliyoitolea macho sehemu nyingine na huna uhakika, tutumie inboksi picha za namba 6, 10, 12, 14, 28 na 29, hizo sita zinatosha, tutakujibu hata kama hununui kwetu.