Mwendo wa mashine upimwe, usikisiwe kwa sikio

Mhariri,

Karakana nyingi za Keko na Gerezani bado zinakadiria mwendo wa mashine kwa sikio. Sikio la fundi hutambua beringi iliyokufa, lakini halitambui mizunguko 180 iliyopotea kwa dakika.

Chukua msumeno wa meza: puli ya mota milimita 120, ya shafti 60. Mwenzako akiwa anasukuma mbao, simama pembeni kama nusu mita na takometa ya mwanga (kipima mizunguko kwa dakika), upime shafti zote mbili. Mota ikisoma 1,440, msumeno unatakiwa usome kama 2,880. Ukisoma 2,700, mkanda unateleza. Mbao zinatoka na weusi wa kuungua, lawama anatupiwa mnoaji. Usitegemee namba ya kwenye kibati cha mota kufanya hesabu hii, kwa sababu mota ile ile bila mzigo hukaribia 1,500.

Kuna pia mota za mtumba. Kibati kikisema 1,730 kwa hezi 60, kwa umeme wetu wa hezi 50 itazunguka kama 1,440. Haijachoka! Anayeibadilishia puli kubwa ili kufidia aangalie na ampea, la sivyo ataiunguza.

Takometa nayo hudanganya. Bandika kipande kimoja tu cha stika ya kuakisi, na shafti iliyobaki ipake rangi nyeusi isiyong'aa. Ufunguo wa puli (kipande cha chuma kinachoishikiza kwenye shafti) uking'aa, namba inakuwa maradufu. Ikisoma 6,000 mahali penye taa za tyubu, shuku taa: zinapepesa mara 100 kwa sekunde.

Kwa kipimo cha kudumu, funga sensa inayohisi chuma na kaunta ya kuhesabu mapigo yake. Katika sensa nyingi za nyaya tatu, kahawia ni chanya, bluu hasi, nyeusi ndiyo ishara. Sensa inayohisi hadi milimita 4 ikae milimita 2 hadi 3 kutoka kichwa cha boliti kinachozunguka na shafti. Boliti zikiwa mbili, kaunta igawe kwa mbili.

Kwenye presi, wengi hufunga swichi ya kubonyeza, halafu wanashangaa pigo moja kuhesabiwa matatu. Midomo ya swichi hudunda, ikigusana mara kadhaa kwa bonyezo moja. Kaunta nyingi zina mpangilio wa hezi 30, yaani kuhesabu mapigo yasiyozidi 30 kwa sekunde; uweke huo, au tumia sensa. Waya wa ishara usilale pamoja na waya wa mota wala wa mashine ya kuchomelea.

Fundi mitambo,
Keko, Dar es Salaam