Chai nayo ni chakula jamani: kwa wanaosema majibu yetu ya uongo

Jumatatu kaka mmoja karudi hapa maabara kwetu Area C, Dodoma, kafura kweli, anasema tumemwibia. Ijumaa tulimpima sukari ikasoma 8.4, Jumamosi kaenda kupima kwingine ikasoma 5.3, kwa hiyo sisi matapeli tunataka awe mgonjwa ili arudi rudi. Nikamkalisha nikamuuliza, kaka, ile Ijumaa ulikuwa umefunga? Akasema ndio, sikula kitu, nilikunywa chai tu na kachapati kamoja.

Chai tu! Hii naisikia karibu kila asubuhi. Chai ya sukari ni chakula, uji ni chakula. Kufunga ni masaa 8 au zaidi bila kitu isipokuwa maji matupu, na maji kunywa kabisa, mishipa inaonekana vizuri hatukutoboi mara mbili. Aliyefunga akisoma chini ya 6.1 yuko sawa, 6.1 mpaka 6.9 aanze kujiangalia, 7.0 kwenda juu ndo tunaongelea kisukari, na hata hapo kama huna dalili daktari atataka kipimo kirudiwe siku nyingine. Sasa ukituficha kachapati, namba zako tunazisoma kama za mtu aliyefunga, na hela ya kurudia inatoka mfukoni kwako.

Kama kufunga kumeshindikana sema tu, hatugombezi mtu. Kuna HbA1c, hiyo inaonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita hata kama umetoka kula wali sasa hivi. Bei yake iko juu najua, ila wale mnaoacha soda siku tatu ili majibu yatoke mazuri, hii hamuiwezi.

Na vile vimashine vya nyumbani, nawa mikono! Mama mmoja wa Hombolo kaja analia, kidole kimesoma 14, kumbe alikuwa anachambua zabibu kajipima hapo hapo, ule utamu wa kwenye ngozi ndo uliosomwa. Tukamnawisha kwa maji na sabuni, tukamkausha, ikasoma 5.6. Sikumchaji.

Ila njia ya mkato inayoniuma ni ya kutuletea damu. Mzee mmoja alitolewa damu nyumbani na jirani yake saa 12 asubuhi, ikaletwa na bodaboda saa 6 mchana, jua la Dodoma mnalijua, chupa kifuniko chekundu haina hata dawa ya kuzuia sukari isiliwe. Seli za damu zikikaa kwenye chupa zinaendelea kula sukari, kila saa inapungua kama asilimia 5 hadi 7, kwenye joto ndo zaidi, na seli zikivunjika hata madini ya potasiamu yanasoma juu kwa uongo. Nikakataa kuipima. Kijana wake akanuna, akaipeleka sehemu nyingine wakapima, wakasema mzee yuko mzima, hana tatizo. Karibu mwaka mmoja baadae mzee kaletwa na kidonda cha mguu hakifungi, HbA1c asilimia 11.2, kisukari cha wazi kabisa. Zile hela alizookoa siku ile hazitoshi hata bandeji za wiki.

Halafu FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu. Watu wanalipia hiyo moja wanasema nimepima mwili mzima. Hapana, FBP inahesabu chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani, itakuambia kama damu imepungua, ila sukari haionyeshi, mafuta haionyeshi, figo haionyeshi. Figo tunaanza na kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, pamoja na mkojo, tena kreatinini peke yake inaweza kusoma kawaida wakati figo zimeshaanza kuchoka, kwa hiyo mwenye presha au kisukari asiruke kipimo cha mkojo eti ni hela ya bure.

Bei zetu haziko chini na sitaomba radhi. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza tunapima sampuli ambazo majibu yake tunayajua, zikikataa hatupimi mtu mpaka tujue kwanini, na vile vitendanishi, kemikali za kupimia, ni hela, friji ni hela, umeme ukikatika mafuta ya jenereta ni hela.

Tunafungua saa 12 na nusu ili mliofunga msiteseke. Dawa za presha meza kama kawaida kwa maji, za sukari uliza daktari wako kwanza au utupigie jioni ya kabla ya kupima. Mama wa chai yuko hapo nje ya geti, ukishatolewa damu tu nenda, chapati zake za moto.